Bima ya Mvua na Haki ya Mkulima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuiteremsha mvua kwa kipimo Akitakacho, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suala na baadhi ya ndugu zetu wenye mashamba katika bara ya Kilifi na Kwale, nalo si suala la mtu mmoja wala la kijiji kimoja. Wasema kwamba wamejiwa na watu wa bima, wakaambiwa: lipeni kiasi kadha kabla ya kupanda, na mvua ya mwaka isiponyesha, au ikanyesha ikapita kiasi, mtalipwa. Wengine wakataka kuingia, na wengine wakarudi nyuma, wakisema kuwa bima ni haramu, na bima ya mvua ni haramu zaidi, kwani mvua ni siri ya Mwenyezi Mungu. Mwalimu wa chuoni kawaambia hivi, na kijana aliyetoka skuli kawaambia vile. Basi tukaombwa tuseme tulijualo.

Jambo hili twaliona kubwa kuliko tunavyolidhania sisi watu wa mji. Sisi hununua unga dukani, na mvua ikikosekana hulalamikia joto na bei. Lakini mwenzetu aliyeko Ganze au Kinango huyatazama mahindi yake yakikauka yangali hayajatoa masuke, akahesabu siku za chakula kilichosalia ndani, na ada ya skuli, na deni la mbegu. Huyu ni Muislamu kama sisi au ni jirani yetu, na vyote viwili vina haki juu yetu.

Tukumbuke yaliyopita karibuni. Katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, na bara ya pwani ikiwa miongoni mwake, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikakosekana, tangu vuli ya mwaka 2020 mpaka vuli ya mwaka 2022, na ukame wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana kwa muda wa miaka 40. Wanyama walikufa kwa mamilioni. Kisha ilipokuja vuli ya mwaka 2023 ilikuja na gharika, na masika ya mwaka 2024 yakaja na gharika nyingine. Mto Tana ukafurika, watu wakahama makwao, na mashamba yaliyokuwa yameponea chupuchupu katika ukame yakachukuliwa na maji. Ardhi ile ile, na watu wale wale.

Wazee wetu walikuwa wakihesabu miongo tangu siku ya Nairuzi, wakaujua mwongo wa kupanda na mwongo wa kupalilia, wakajua kusi laingia lini na kaskazi laingia lini. Hatuidharau hesabu hiyo hata kidogo. Ilikuwa ni elimu, na waliyoiweka walikuwa watu wenye kutazama. Lakini wenye mashamba wenyewe ndio wanaotwambia kuwa leo haiwatoshi. Nao wataalamu wa hali ya hewa wasema kwamba maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto upande wetu huu kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi. Na yakipata joto upande ule, sisi huachwa wakavu. Wasema vile vile kuwa dunia nzima imezidi joto kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya kumi na tisa, kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yachomwayo na mataifa yenye viwanda. Mkulima wa Ganze hana kiwanda wala gari. Alipaye si yeye aliyekula.

Sasa tuingie katika suala. Wa kwanza wa kujibiwa ni yule asemaye kwamba kujikinga na ukosefu wa mvua ni kumshuku Mwenyezi Mungu, na kwamba lililobaki kwa Muislamu ni kusali na kungoja.

Sala ya kuomba mvua ni sunna iliyothubutu, wala hatusemi neno la kuipunguza, twatamani lau ingesaliwa zaidi, na lau watu wangeacha kumzungusha ng'ombe mjini na kutoa makafara yasiyokuwa na asili, wakatoka uwanjani wakatubu na kuomba kama alivyotoka Mtume wetu (S.A.W.). Lakini ni nani aliyesema kuwa aombaye hafungi mzigo wake? Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache tu ategemee, naye akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Na katika Sura ya Yusuf Mwenyezi Mungu Ametusimulia jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyoijua miaka saba ya njaa kabla ya kuja kwake, naye hakuwaambia watu wa Misri wakae wangoje, aliwaambia walime miaka saba kwa bidii, na watakachovuna wakiache katika masuke yake ila kile kidogo cha kula. Hiyo ni akiba ya kukabili ukame, imepangwa na Mtume wa Mungu, kwa ajili ya taifa zima.

Tena mtazameni Seyyidna Umar (R.A.). Alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, akapata habari ya tauni, akaazimu kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremkia bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na upande wa pili mkavu: akilisha penye majani amelisha kwa kadari, na akilisha pakavu amelisha kwa kadari. Mfano wenyewe, kama muonavyo, ni wa malisho na ukavu. Na mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa Ramada, Hijazi ilipokaukiwa mpaka upepo ukawa wapeperusha vumbi kama majivu, Umar huyo huyo alitoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas ami yake Mtume. Na wakati huo huo alikuwa amekwisha kuwaandikia maliwali wake wa Misri na Sham wamletee chakula. Aliomba, na akaandika barua. Hakuona kuwa moja lavunja la pili.

Na yule asemaye kuwa mvua ni katika ghaibu, amesema kweli. Lakini bima haidai kuijua mvua. Imejengwa juu ya kutojua. Lau tungeijua, hapangekuwa na haja ya kuchangiana.

Basi kujikinga si kosa. Kosa, likiwapo, limo katika namna ya mapatano yenyewe, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini, kwani wengi wetu hukataa neno "bima" wala hawajui wamekataa nini, na wengine hulikubali wala hawajui wamekubali nini.

Bima ya biashara, kwa umbo lake lijulikanalo, ni kuuziana. Mkulima anatoa fedha kidogo zinazojulikana, na kampuni yamuuzia ahadi ya fedha nyingi zisizojulikana kama zitakuja au hazitakuja. Ikinyesha, fedha za mkulima zimekwenda. Isiponyesha, kampuni imetoa mara kumi ya ilichopokea. Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, kama ilivyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, nayo ni kuuza kitu kisichojulikana mwisho wake, kama samaki aliye majini na ndege aliye hewani. Zaidi ya hayo, fedha zilizokusanywa huwekwa katika riba zikazaa. Mambo haya si mageni kwa maulamaa. Ibn Abidin wa Damascus, aliyekufa mwaka 1836, aliulizwa juu ya ile waliyoiita sokara, bima ya vyombo vya baharini waliyokuwa nayo wafanya biashara wa Kizungu, akaieleza akaikataa. Na mwezi wa Desemba mwaka 1985, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah ikakata shauri kwamba mapatano ya bima ya biashara yenye malipo maalumu yana gharari kubwa yenye kuharibu mapatano, basi ni haramu. Na badala yake ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, iliyosimama juu ya kutoleana na kushirikiana. Wapo waliokhalifu, na mashuhuri wao ni Sheikh Mustafa al-Zarqa, aliyeona kuwa asili ya bima ni halali ikiepukana na riba. Twaitaja kauli yake ili mtu asije akamkufurisha nduguye kwa jambo lenye khitilafu. Ama sisi twaifuata kauli ya wengi.

Hiyo bima ya kusaidiana, ambayo leo huitwa takaful, yatafautianaje na ile ya kwanza? Wengine hudhani kuwa ni jina tu, kama mtu kumwita nguruwe mbuzi. La. Humo wenye kuchangia hawamuuzii mtu wala hawanunui. Kila mmoja anatoa mchango wake kwa nia ya tabaruu, yaani kutoa bure, uingie katika mfuko ulio wao wote, na aliyefikwa na msiba alipwe kutoka humo. Gharari huharibu mapatano ya kuuziana. Haiharibu utoaji, kwani aliyetoa hakuahidiwa thamani ya alichokitoa. Mwenye kuuendesha mfuko ni wakili tu, ana ujira wake unaojulikana tangu mwanzo; fedha si zake. Mwaka ukienda vizuri pakabaki ziada, ziada ni ya waliochangia: wairudishiwe, au waiache ingojee mwaka mbaya. Ukipungua mfuko, wakili aukopesha mkopo usio na riba. Sudan walianzisha kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, na Malaysia waliitungia sheria mwaka 1984. Asili yake ni ya zamani zaidi kuliko yote hayo: Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ashaari, kabila la Abu Musa (R.A.), kwamba wakiishiwa na chakula safarini katika vita, au kikipunguka chakula cha watoto wao mjini, walikuwa wakikusanya walivyonavyo katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume akawasifu kuwa wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Lipo sifa kubwa kuliko hiyo?

Ndugu zetu waliotuuliza wameuliza pia juu ya kipimo, na hili ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani bima hii ya mvua haifanani na bima ya nyumba. Haji mtu kuhesabu mahindi yaliyokufa katika shamba lako. Mashamba ni madogo na ni mengi, na kulizuru kila moja kungekula fedha zote za mfuko. Badala yake hutazamwa alama: mvua iliyopimwa katika kituo cha karibu, au ukijani wa ardhi unaoonwa na setilaiti kutoka juu. Alama ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote wa eneo hilo hulipwa. Isiposhuka, halipwi mtu.

Mambo haya yamekwisha kutendwa katika nchi yetu. Mwaka 2009 ulianza Laikipia mpango ulioitwa Kilimo Salama, mkulima akinunua mbegu na mbolea huongeza kidogo juu ya bei yake, na malipo yakiwadia humjia kwa simu. Mwezi wa Januari mwaka 2010 wafugaji wa Marsabit wakaletewa bima ya mifugo yenye kupimwa kwa setilaiti, nayo ikalipa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2011. Ndugu zetu wa Wajir, ambao ni Waislamu, waliuliza suala lile lile tuliloulizwa sisi. Na mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikawapelekea iliyotengenezwa kwa njia ya takaful, ikalipa mwezi wa Machi 2014. Kisha serikali ikaanzisha mpango wake mwaka 2015 kwa kuwalipia mchango wafugaji maskini wa wilaya za ukame, na Tana River yetu ikaingizwa humo. Mwezi wa Februari mwaka 2017 kaya zaidi ya 12,000 zikalipwa jumla ya shilingi milioni 214. Serikali kumlipia maskini mchango wake ni jambo jema, ni katika kazi za baitulmali. Lakini mtatambua kuwa habari nyingi hizi ni za mifugo, na mkulima wa mahindi na kunde wa pwani hajapewa sehemu kubwa ndani yake.

Je, kupima kwa alama kwajuzu? Twaona kuwa kwajuzu, na dalili yetu ni kharsi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akimpeleka Abdullah bin Rawaha (R.A.) Khaibar kuzikadiria tende zingali mitini, akazitazama akasema hizi zitakuwa kiasi kadha, na hesabu ikasimama juu ya makadirio hayo. Kukadiria kwa mjuzi mwaminifu, pale ambapo kupima hasa kuna uzito, kumekubaliwa na sharia. Setilaiti haina hawa. Ni mkadiriaji asiyehongeka.

Ila mkadiriaji naye hukosea, na kosa la alama si dogo. Watu wa pwani waijua mvua yao: yanyesha ng'ambo hii ya mto na ng'ambo ya pili vumbi latimka, na kila uendapo bara hupunguka. Kituo kikiwa karibu na bahari na shamba likiwa mbali nacho bara, kituo kitasema imenyesha, na mkulima aliyekauka atakosa. Na huenda aliyevuna akalipwa. Mambo haya yamewatokea wengi, wakaiita bima yote wizi. Sasa, katika bima ya kuuziana, mtu kulipwa wala hakufikwa na hasara kwafanana sana na kamari: ni kama watu waliowekeana fedha juu ya mvua. Hata katika takaful, rai yetu ni kwamba malipo yawe kwa yule aliyepanda kweli na aliyepata hasara kweli, na alama iwe ni ufunguo wa kuufungulia mfuko, isiwe ni kura. Na ile hadithi ya kharsi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ingawa isnadi yake ina maneno, yatufundisha adabu ya jambo hili: wakadiriaji waliambiwa wakikadiria waache theluthi, na kama si theluthi waache robo. Waache nafasi ya kosa. Basi mfuko wa mvua nao na uweke fungu kando, watu wa kijiji walio waaminifu waliamue, wapewe wale ambao alama imewapita na mashamba yao yashuhudia.

Hapo sharia imekwisha kusema neno lake juu ya mapatano. Limebaki la hisabu, nalo ndilo lililotufanya tuliandike jambo hili katika karatasi isomwayo mjini, wala tusilijibu kwa barua tu.

Tuseme wakulima 100 wa kijiji kimoja wamechanga shilingi 500 kila mmoja. Mfuko una shilingi 50,000. Nyumba moja ikiungua, mfuko watosha kuiezeka. Wakifikwa wakulima kumi, kila mmoja apata 5,000. Lakini ukame hauchukui kumi ukaacha tisini. Huwakumba wote mia siku moja, na kila mmoja akiujia mfuko atakuta shilingi zake 500 alizozitia mwenyewe. Hapo pamekosekana nini? Hapakukosekana imani wala uaminifu. Amekosekana mtu aliye nje ya ukame. Vyama vyetu vya kuzikana vyasimama mwaka baada ya mwaka kwa sababu mauti hutuchukua mmoja mmoja, na waliobaki wakamnunulia sanda. Lau tungekufa wote siku moja chama kisingetufaa kitu. Mfuko wa mvua hausimami mpaka waingie watu ambao mvua yao si ile moja: mkulima wa Kwale pamoja na mfugaji wa Wajir na mvuvi wa Lamu, na juu ya wote mtu wa mji mwenye duka, mwenye mshahara, mwenye nyumba za kupangisha, ambaye ukame haumgusi ila kwa bei ya unga.

Na hapa twasema waziwazi. Mtu wa mji hudhani kuwa yumo nje ya habari hii, na hayumo nje. Ukame ukiingia, ni nani amkopeshaye mkulima? Ni nani amnunuliaye maembe yangali maua na nazi zingali changa, kwa nusu ya thamani, kwa kuwa ajua mwenzake ana njaa? Ni sisi. Na Mtume amekataza matunda yasiuzwe mpaka wema wake uonekane. Tena katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, ameharimisha kwamba ukimuuzia nduguyo matunda kisha yakafikwa na msiba, usichukue kwake kitu, kwani utakuwa unaichukua mali ya nduguyo kwa haki gani? Uislamu umeutia msiba wa shamba katika mizani ya biashara yenyewe. Sisi tumeutoa tukaupa jina la bahati ya mkulima.

Pana jambo la pili katika mikono ya watu wa mji, nalo ni zaka. Mwenyezi Mungu Ameyataja mafungu yake manane katika Sura ya Tauba, na mojawapo ni wenye madeni. Mujahid, naye ni katika wafasiri wakubwa wa wafuasi wa masahaba, alimhesabu katika fungu hilo yule ambaye mali yake imechukuliwa na mafuriko, na yule ambaye nyumba yake imeungua, akakopa kwa ajili ya watoto wake. Naye Kabisa bin Mukharik (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Muslim, kwamba kuomba si halali ila kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyefikwa na janga lililoiangamiza mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha. Mkulima wa ukame ni huyo kwa sifa zake zote. Na zaka yetu tumeifanyaje? Twaigawa mlangoni mwa duka siku za Ramadhani, noti moja moja, kwa safu ya watu waliosimama juani, wakaondoka na cha kununulia futari ya siku moja. Kisha twasema tumetoa. Zaka ya mtaa mmoja wa Mombasa, ikikusanywa mahali pamoja, yaweza kuwatoa watu wa kijiji kizima katika deni la mbegu kabla ya mvua ya mwaka haijaanza.

Lakini tuangalie tusichanganye. Zaka ina watu wake waliotajwa, na mfuko wa takaful huchukua humo tajiri na maskini. Basi zaka isimiminwe katika mfuko huo. Mkulima aliye fakiri apewe zaka mkononi mwake iwe mali yake, na akitaka kuitoa mchango wake wa takaful kutoka humo, yu katika haki yake. Ama mtu wa mji atakaye kuutilia nguvu mfuko, na autilie sadaka au tabaruu, au chumo la wakfu alioufunga kwa ajili hiyo. Tuna mawakfu ya misikiti na mawakfu ya makaburi. Hatujui kinachomzuia mwenye nyumba mbili asifunge chumo la chumba kimoja kwa wakulima waliofikwa na janga.

Kuna walioitikia habari hii kwa haraka wakasema: na tuuanzishe mfuko msikitini Ijumaa ijayo. Twawazuia kidogo. Kuuza bima bila leseni ni kosa katika sheria ya bima ya nchi hii, Sura ya 487, na mwenye kukusanya fedha za watu kwa ahadi asiyoweza kuitimiza amewadhulumu hata akiwa na nia njema. Chama cha kusaidiana, chenye kuandikishwa na chenye hesabu zinazosomwa mbele ya watu, kisichoahidi ila kugawa kilichomo, hicho chawezekana. Na anayetaka ahadi ya kiasi maalumu, na aingie katika takaful iliyoruhusiwa kwa sheria, baada ya kuuliza mambo manne kabla hajatoa senti: maulamaa gani waisimamia, ziada yaenda kwa nani, fedha zawekwa wapi, na kituo kinachopima mvua yake kiko umbali gani na shamba lake. La nne watu hawaliulizi, nalo ndilo litakalomliza.

Wameuliza mwisho juu ya aliyenunua mbegu au aliyechukua mkopo, akakuta bima ya biashara imekwisha kufungamanishwa nao wala hakupewa hiari, kisha mvua ikakosekana akaletewa malipo katika simu yake. Je, ayarudishe? Jawabu letu ni kwamba hana dhambi kwa asilolichagua. Kiasi alichokilipa ni mali yake imemrudia, halina shaka. Kilichozidi, akiwa ni fakiri aliyepotewa na mavuno, na akile yeye na watoto wake, kwani hata kingekuwa ni mali ya kutolewa sadaka kwa ajili ya kujisafisha, ni yeye wa kwanza kustahiki kupewa. Akiwa ana uwezo wake, na ampe kilichozidi jirani aliyekauka pamoja naye ambaye simu yake haikulia. Wallahu aalam.